Nani Ameshika Kamera? Kuielewa Filamu ya Kutisha ya Mkanda Uliookotwa

Ni usiku, chumbani. Kamera imesimamishwa kwenye stendi ya miguu mitatu, inakitazama kitanda kutoka upande wa miguuni. Kulia kwa picha wapenzi wawili wamelala. Kushoto mlango umeachwa wazi, na nyuma yake kuna ujia uliomezwa na giza. Picha ina rangi ya buluu iliyopauka, ile ya kamera inayojitahidi kuona pasipo na mwanga. Pembeni, chini, kuna saa, na saa hiyo inakimbia: dakika nzima zinapita kwa kupepesa jicho. Kisha inarudi kwenye mwendo wake wa kawaida. Hakuna kilichotokea bado, lakini ukumbi mzima umeshanyamaza, maana watu wamekwisha kujifunza kwamba saa ikipunguza mbio kuna jambo linakuja. Unasikika mvumo mzito, wa kusikiwa kifuani kuliko masikioni. Mlango unasogea kidogo. Unarudi ulipokuwa.

Basi, hakuna zaidi. Hakuna zimwi wala tone la damu, na bado watu wazima walitoka kwenye filamu hii wakalala na taa zikiwaka.

Filamu yenyewe ni Paranormal Activity, kazi ya kwanza ya Oren Peli, mtu aliyekuwa akiandika programu za michezo ya video. Aliipiga mwaka 2006 nyumbani kwake mwenyewe, San Diego, Marekani, kwa siku 7 na takriban dola 15,000. Ilipoingia kwenye majumba ya sinema mwaka 2009 ilikusanya zaidi ya dola milioni 190. Miaka kumi kabla yake, The Blair Witch Project, filamu ndefu ya kwanza ya Daniel Myrick na Eduardo Sánchez, ilikuwa imefanya maajabu ya namna hiyohiyo: siku 8 za kupiga picha katika misitu ya Maryland, na mapato ya karibu dola milioni 248 duniani kote.

Hesabu hizi zimewapoteza wengi. Anayetamani kuongoza filamu yake ya kwanza akizisikia huona njia ya mkato: kamera ya mkononi, marafiki watatu, nyumba tupu, mtu apige kelele, picha itikisike. Zinatoka filamu nyingi za aina hiyo, na nyingi zinachosha kabla ya dakika ya ishirini. Nimezitazama zilizofaulu na zilizoanguka kwa miaka mingi, kwa mapenzi ya kweli, na nimefika mahali pa kuamini kwamba tofauti haiko kwenye kamera wala kwenye bahati. Namna hii ya filamu ni nafuu kwa mfuko, ila ni ghali kwa akili. Kila unachookoa kwenye taa na waigizaji maarufu utakuja kudaiwa kwenye mantiki ya hadithi.

Ahadi anayopewa mtazamaji

Mkanda uliookotwa ni filamu ya kubuni inayojidai kwamba picha zake zilirekodiwa na wahusika wenyewe. Wao wamepotea au wamekufa, kilichorudi ni kamera. Wazo hili ni la kale kuliko sinema. Riwaya ya Dracula, iliyochapishwa mwaka 1897, imeundwa kwa shajara, barua na vipande vya magazeti, na msomaji anaipitia kama anayepekua jalada la kesi. Sinema ilikuja baadaye na kuiweka shajara ndani ya kaseti.

Katika filamu ya kawaida, kamera si mtu. Inapita ukutani, inaelea juu ya paa, inamwona muuaji kabla mwathirika hajamwona, na hakuna anayeuliza ilifikaje hapo. Tumezoea. Katika mkanda uliookotwa, kamera ni mali ya mtu aliyemo ndani ya hadithi. Inaona anachoona yeye tu. Akigeuka, inageuka naye, akianguka nayo inaanguka. Mtazamaji hana tena ule ulinzi wa kujua zaidi kuliko wahusika.

Hapa ndipo mwongozaji asiye na fedha anapookota dhahabu. Giza lililozidi, picha iliyopoteza ukali, kichwa kilichokatwa na ukingo wa fremu: kwingineko haya ni makosa ya kumfukuzisha mtu kazi. Hapa ni ushahidi kwamba palikuwa na binadamu, aliogopa, na mkono ulimtetemeka. Picha mbaya inapewa cheo cha ukweli.

Tazama tukio linalokumbukwa kuliko yote katika The Blair Witch Project. Heather Donahue, mmoja wa wanafunzi watatu wanaopotea msituni wakitengeneza filamu kuhusu mchawi, yuko peke yake gizani, anajirekodi akiomba radhi kwa wazazi wa wenzake. Alidhani uso wake wote umo ndani ya fremu. Kumbe lenzi ilikuwa imevutwa karibu mno, kwa hiyo tunaona jicho, pua inayochuruzika, ukingo wa kofia ya sufu, na upande mkubwa wa picha ukiwa giza tupu. Mpiga picha wa kulipwa angesema, “Turudie.” Waongozaji waliiacha, na kipande kile cha uso kikawa ndicho alama ya filamu nzima, hadi kwenye mabango.

Lakini kasoro inakuwa ushahidi pale tu inapokuwa na sababu. Picha inayotikisika kwa sababu mtu anakimbia inaaminika. Picha inayotikisika huku mtu amekaa anakunywa maji inamwambia mtazamaji kwamba kuna mwongozaji nyuma ya kamera anayejitahidi kuonekana hayupo. Tena kuna gharama ya mwilini: mwaka 1999 baadhi ya watazamaji wa The Blair Witch Project walitoka kumbini wakiwa na kichefuchefu, kwa kuwa macho yanauambia ubongo kwamba mwili unakimbia na sikio la ndani linasisitiza kwamba mwili umekaa kitini. Ugomvi huo wa hisi ndio uleule unaowatapisha watu ndani ya mashua.

Ndiyo maana nauhesabu uamuzi wa Peli wa kuiweka kamera kwenye stendi usiku kuwa uamuzi bora kuliko yote aliyoyafanya. Fremu isiyosogea haimwelekezi mtazamaji popote. Jicho linaachwa lizurure lenyewe: mlangoni, kwenye kivuli, chini ya kitanda, mlangoni tena. Kazi ya kutisha anaifanya mtazamaji mwenyewe, bila malipo.

Kwa nini hajaizima?

Filamu nyingi za aina hii zinafia hapa. Jambo la kutisha linatokea, mwenzako anaburuzwa na kitu kisichoonekana, na wewe bado umeinua kamera usawa wa jicho. Kwa nini? Mtazamaji akiuliza swali hili mara moja na asipate jibu, ataliuliza tena kila dakika, na hofu haikai kwenye kichwa chenye maswali ya namna hiyo.

Jibu la kwanza linalowajia wengi ni kazi: huyu ni mwandishi wa habari, yule ni mwanafunzi wa filamu. Ni jibu zuri la kuanzia, lakini halidumu. Hakuna kazi inayomfanya mtu aendelee kurekodi akiwa anakufa. Filamu zilizotengenezwa kwa akili huibadilisha sababu kadiri hatari inavyopanda. REC, filamu ya Kihispania ya mwaka 2007, inaonyesha hili vizuri sana. Mtangazaji na mpiga picha wake wanafuatana na wazimamoto hadi kwenye jengo moja la Barcelona. Mwanzoni wanarekodi kipindi cha kawaida cha televisheni. Mamlaka zinapolifunga jengo watu wakiwa ndani, kurekodi kunageuka kuwa madai: watu wa nje wajue tunachofanyiwa. Mwishoni taa ya kamera inavunjika, na njia pekee ya kuona ndani ya giza ni uwezo wa kamera wa kuona usiku. Sasa kamera ni macho. Kuizima ni kuwa kipofu. Sababu tatu, na kila moja imezaliwa na ile iliyotangulia.

The Blair Witch Project imelijibu swali kwa njia nyingine, kwa kulitia ndani ya ugomvi wa wahusika. Wenzake Heather wanachoshwa na kamera yake, wanamtukana kwa ajili yake. Kuna mahali Josh anaichukua, anatazama kupitia lenzi na kumwambia kwamba sasa anaelewa kwa nini anaipenda: ukiangalia humo, mambo hayawi ya kweli sana. Hapo hadithi imekiri udhaifu wake yenyewe na kuugeuza kuwa tabia ya mtu. Heather anarekodi kwa sababu akiishusha kamera atalazimika kukubali kwamba wamepotea. Kwa Peli, ubishi wa kijana Micah ndio hadithi yenyewe. Yeye ndiye aliyenunua kamera, yeye ndiye anayetaka kukinasa kile kitu, na mpenzi wake Katie anamsihi aache kukichokoza. Kila usiku kamera inapowashwa, nyumba ile inazidi kuharibika.

Mwaka 2020, watu wakiwa wamefungiwa majumbani kwa sababu ya virusi vya korona, Rob Savage alitengeneza Host, filamu isiyofika saa moja, yote ikiwa ni mkutano wa marafiki kwenye Zoom wanaojaribu kuita mizimu. Waigizaji walikuwa kila mmoja kwake, wakajiwekea taa na kamera wenyewe. Swali la kwa nini kamera haizimwi halikupata nafasi kabisa, kwa sababu kamera ndiyo iliyokuwa njia ya kukutana. Kuizima ni kuondoka chumbani na kumwacha rafiki peke yake.

Kama ningepewa nafasi ya kukaa na mwongozaji mpya kwa dakika tano, ningemwomba afanye jaribio moja kabla ya kununua hata betri. Aiondoe kamera kwenye hadithi yake. Asimulie matukio yaleyale kana kwamba hakuna aliyekuwa akirekodi. Kama hakuna kinachobadilika, kama watu wanakwenda kulekule na kufa vilevile, basi hadithi hiyo haikuhitaji kuwa mkanda uliookotwa. Iandikwe filamu ya kawaida, itakuwa bora zaidi.

Nani aliyeuokota?

Swali hili watazamaji hawaliulizi kwa sauti, lakini wanalihisi. Kama mkanda uliokotwa kama ulivyo, nani alikata vipande vya kuchosha? Kama picha zinaruka kutoka kamera moja kwenda nyingine, kuna mtu aliyekaa mezani akazipanga. Na kama kuna muziki, mtu huyo alikaa akachagua muziki wa kuwekea vifo vya watu. Ni nani huyo?

Kuna majibu mawili ya haki. La kwanza ni kuukubali mkanda mbichi: kamera moja, mikato inayotokea pale tu mtu anapobonyeza kitufe cha kuzima na kuwasha, hakuna muziki. La pili ni kukiri kwamba kuna mhariri na kumpa sura: polisi, familia, kituo cha televisheni. Hili la pili linaipeleka filamu jirani na filamu ya hali halisi ya kubuni, kama alivyofanya Mwaustralia Joel Anderson katika filamu yake ndefu ya kwanza, Lake Mungo ya mwaka 2008, ambamo familia iliyofiwa na binti inahojiwa na picha zake zinachunguzwa moja moja. Kuchanganya yote mawili bila kujua ndiko kunakoiharibu filamu.

Mwongozaji akilishika vizuri jambo hili, mkanda unaweza hata kumponyoka. Mwaka 1989 Dean Alioto alitengeneza kwa dola 6,500 filamu ya mkanda wa nyumbani: familia inasherehekea siku ya kuzaliwa, viumbe wa anga za juu wanatua. Ghala la msambazaji wake liliungua. Nakala chache zilizokuwa zimeshatoka zikaanza kunakiliwa na kupitishwa mkono kwa mkono, na kati ya wafuatiliaji wa mambo ya sahani za angani wakatokea waliosema kwamba huu ni ushahidi halisi. Mtengenezaji mwenyewe alijitokeza akasema ni filamu, na bado kuna waliokataa kumwamini. Lisemwalo lipo, hata mwenye kulisema akilikana.

Myrick na Sánchez walifanya hilo kwa makusudi. Kabla filamu yao haijaonyeshwa kwenye tamasha la Sundance, Januari 1999, walikuwa wamefungua tovuti yenye historia ya mchawi wa kubuni, picha za polisi na maelezo ya wanafunzi waliopotea. Yalibandikwa matangazo ya kuwatafuta. Intaneti ilikuwa bado changa na watu wengi hawakuwa na mazoea ya kuitilia shaka. Mkanda huu uliokotwa na tovuti, na hadithi ya kuokotwa kwake ilikuwa nusu ya filamu.

Hesabu ya dola 15,000

Sasa fedha, maana ndipo fundo lilipokaza.

Ukisikia filamu imegharimu dola 15,000, hiyo ni gharama ya kuirekodi. Humo hamna mwaka ambao Peli aliutumia kuiandaa nyumba yake, akipaka rangi kuta na kuweka zulia na samani ili picha ikubali. Humo hamna thamani ya nyumba yenyewe, ambayo hakuikodi. Humo hamna ujira wa mhariri, kwa sababu mhariri alikuwa yeye. Filamu ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu za kutisha mwaka 2007, kisha ikakaa karibu miaka miwili. Studio iliyoipenda ilifikiria kwanza kuirudia upya kwa bajeti kubwa. Mwisho wake ulibadilishwa. Ilipotoka, ilianzia miji michache yenye vyuo, na watu wakahamasishwa kupiga kura kwenye intaneti kuidai iletwe kwao. Kampeni hiyo ilikuwa ya kijanja sana, na ilikuwa na studio kubwa nyuma yake.

Kwa The Blair Witch Project hali ni ileile. Makadirio ya gharama ya kuirekodi huwa ni makumi machache ya maelfu ya dola. Kampuni ya usambazaji ya Artisan iliinunua kwenye tamasha la Sundance kwa dola milioni 1.1 hivi, kisha ikatumia mamilioni mengine kurekebisha sauti, kuchapa nakala na kuitangaza. Na zile siku 8 za msituni zilizaa takriban saa 20 za picha. Filamu iliyomalizika ina dakika 81. Kati ya saa 20 na dakika 81 kuna miezi ya watu wawili waliojifungia na mashine ya kuhariri. Mpango wao wa kwanza ulikuwa kuzipa picha za msituni nafasi ndogo ndani ya filamu ya hali halisi ya kubuni, yenye wataalamu na mahojiano. Waligundua wakiwa mezani kwamba picha za msituni zinajitosheleza, wakayaweka kando mengi ya yale mengine. Mwongozaji mpya anayepanga wiki moja ya kupiga picha na wiki moja ya kuhariri ameielewa nusu ya hesabu.

Kinachookolewa kweli ni hiki: taa, reli za kamera, seti, magari ya vifaa, na waigizaji wanaojulikana. Hawa wa mwisho wangekuwa hasara hata wangekuja bure. Uso maarufu ukitokea kwenye mkanda uliookotwa, ahadi yote inavunjika papo hapo. Kinachobaki kulipiwa ni muda, chakula, usafiri, sauti, na watu. Kuhusu watu nina neno.

Waliobeba kamera

Heather Donahue, Joshua Leonard na Michael Williams hawakuigiza tu. Walibeba kamera za video na za filamu ya milimita 16, walirekodi sauti, na maneno mengi waliyoyasema waliyabuni papo hapo. Waongozaji waliwapa kifaa cha GPS, cha kuonyesha njia, chenye vituo, na kwenye kila kituo kulikuwa na vikopo vya filamu vyenye karatasi. Kila mwigizaji alisoma yake peke yake na hakutakiwa kuwaonyesha wenzake. Usiku waongozaji walikuja kulitikisa hema. Chakula kilipunguzwa siku hadi siku. Walikuwa na neno walilokubaliana la kutoka ndani ya uhusika pale mtu anapohitaji. Uchovu na hasira tunazoziona, kwa sehemu kubwa, si za kuigiza.

Nazipenda sana picha hizo, na hazinifanyi niifumbie macho bei yake. Waigizaji walitumia majina yao halisi. Filamu ilipouzwa kama tukio la kweli walitakiwa wasionekane, na mama yake Heather alipokea kadi za rambirambi za binti aliye hai. Mwaka 2024, robo karne baadaye, watatu hao walijitokeza hadharani kuiomba kampuni inayomiliki filamu iwape malipo ya haki kwa kazi yao na iwashirikishe katika kila kinachotengenezwa kwa majina na sura zao.

Mtu anayeshika kamera, akaamua wapi aielekeze na aseme nini, ni mpiga picha na ni mwandishi pia. Filamu ya mkanda uliookotwa inategemea kazi hiyo kuliko filamu nyingine yoyote, na ndiyo kazi inayosahaulika upesi kuliko zote, kwa sababu imetengenezwa ionekane haikufanywa na mtu. Mwongozaji wa mara ya kwanza mara nyingi anawaita marafiki zake. Awaandikie mkataba, hata wa ukurasa mmoja: watapata nini filamu isipouza, watapata nini ikiuza, majina yao yatatumiwaje. Mkataba huo uandikwe kabla ya kuingia msituni. Baada ya filamu kununuliwa, anayekaa mezani ni mwanasheria wa mtu mwingine.

Sauti, na kona ya ukuta

Watazamaji husamehe picha mbovu haraka sana. Sauti mbovu hawaisamehi. Maneno yasiposikika, mtu anatoka kwenye hadithi na kuanza kutafuta kitufe cha kuongeza sauti. Maikrofoni iliyomo ndani ya kamera inanasa vidole vya mshikaji, upepo, na pumzi yake, huku mtu aliye hatua tano mbele anasikika kama yuko kisimani. Kwa hiyo mafundi wenye uzoefu hurekodi sauti safi kwa kinasa tofauti, kisha wakaichafua mezani hadi ilingane na picha. Sauti safi unaweza kuichafua kadiri upendavyo. Chafu haisafishiki kirahisi.

Zaidi ya kusikika, sauti ndiyo inayobeba jinamizi ambalo huna fedha za kulionyesha. Kijiti kinavunjika nje ya hema. Mtoto analia mahali ambapo hapawezi kuwa na mtoto. Fremu inaonyesha kitambaa cha hema na hakuna kingine.

Mfano ninaourudia kila mara ni dakika za mwisho za The Blair Witch Project. Heather na Mike wameingia kwenye nyumba iliyotelekezwa, wakifuata sauti ya mwenzao aliyepotea. Mike ana kamera ya video, ambayo inarekodi picha na sauti. Heather ana ile ya milimita 16, yenye picha nyeusi na nyeupe na isiyonasa sauti yoyote. Mike anakimbilia chini, kwenye chumba cha chini ya nyumba. Kitu kinampiga, kamera yake inaanguka. Sasa tunaona kupitia kamera ya Heather aliye juu, anakimbia akipiga mayowe, lakini mayowe yake tunayasikia kwa mbali, kana kwamba yanatoka chumba kingine. Yanatoka chumba kingine kweli: sauti tunayoisikia inarekodiwa na kamera iliyolala chini, sakafuni. Kadiri anavyoshuka ngazi, sauti yake inakaribia. Macho yetu yako kwa Heather, masikio yetu yanamngoja chini, pamoja na chochote kilichompiga Mike. Hakuna aliyelieleza jambo hili kwa maneno ndani ya filamu. Limetokana na kufuata sheria moja bila kudanganya: kila picha na kila sauti iwe na kifaa kilichoinasa, na kifaa kiwe mahali fulani.

Anapofika chini anamwona Mike amesimama kimya kwenye kona, uso ukiwa ukutani, mgongo kwetu. Ndivyo tu. Filamu ilipoonyeshwa kwa majaribio, kuna waliotoka wakiwa hawajaelewa walichokiona. Msambazaji alitaka mwisho mwingine, na miisho mingine ikarekodiwa. Waongozaji wakaung’ang’ania wa kwanza. Walichoongeza ni mahojiano mafupi mwanzoni mwa filamu, ambamo mkazi anasimulia habari za muuaji wa zamani aliyekuwa akiwachukua watoto wawili wawili: mmoja alimsimamisha kwenye kona, uso ukutani, wakati akimuua mwenzake, kwa sababu hakuweza kuvumilia kutazamwa.

Sentensi hizo chache zinapita mapema, katikati ya mazungumzo ya watu wengi, na karibu uzisahau. Saa moja na zaidi baadaye unamwona mtu mzima kwenye kona ya chumba, hageuki, na kabla hujamaliza kukumbuka, kamera ya Heather imeshaanguka. Inaendelea kurekodi sekunde chache, ikitazama sakafu.